Ufizi Wangu Umeshonwa

Ngamiani, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Je, goti lako limeacha kukuwanga? Na huko Pemba mvua zimewafikia? Mimi sasa ni mzima, alhamdulillahi, lakini nilikuwa taabani, na sikutaka uzisikie habari kwa watu wa meli.

Jino langu moja la juu, la mbele, lilikuwa likirefuka. Kumbe halikurefuka, ni ufizi uliopanda ukaacha mzizi wazi. Maji ya baridi yakiligusa naruka. Halafu likaanza kucheza. Niliogopa, mama, kuogopa kweli. Mwalimu wa Kurani asiye na meno ya mbele atawafundishaje watoto herufi za thaa na dhaali? Utatoka upepo mtupu, na wazazi watatafuta mwalimu mwingine.

Daktari wa meno, Mhindi mmoja mpole, akaniuliza napiga mswaki kwa kutumia nini. Nikamjibu kwa fahari: mswaki wa mti, mkaa na chumvi, kabla ya kila sala, nasugua mpaka nione damu ndipo najua pametakata.

"Mwalimu," akasema, "ufizi umeumaliza mwenyewe."

Njia zilikuwa mbili: ama aling'oe jino, ama avute ufizi wa pembeni yake aufunike ule mzizi. Ahadi hakunipa. Nikachagua kisu.

Baada ya sindano ya ganzi sikuhisi maumivu, nilisikia sauti tu, na hiyo mbaya zaidi. Alikata, akavuta, akashona kwa uzi, akafunika kwa dawa nzito kama udongo. Ilinuka karafuu, mama! Nikakuona uani unageuza karafuu juani, machozi yakanitoka. Daktari akadhani naumia.

Akanikataza mswaki kabisa. Basi alfajiri moja, usingizi haujanitoka, natia udhu, mkono ukauchukua mswaki kwa mazoea. Dawa ikabanduka, damu ikajaa kiganjani. Mama Zuhura, mwenye nyumba yangu, akapiga ukelele: "Mwalimu, una wazimu? Si umekatazwa wewe?" Akaja mbio na chokaa yake ya tambuu anitilie, nikamkimbia. Nilikwenda hospitali kwa miguu, kitambaa mdomoni, najiona kibogoyo tayari.

Daktari hakunigombeza. Aliniinamia na kioo chake kidogo, akazikagua nyuzi moja moja.

"Uzi mmoja umekatika," akasema. "Zilizobaki zimeshika."

Akafunika upya. Juzi amefunua: ufizi umelilalia jino, mwekundu kidogo, na jino limetulia. Nilipotoka barazani walikokaa wagonjwa sikuweza kujizuia, nikasoma Fatiha kwa sauti, kila herufi mahali pake. Watu nisiowajua hata mmoja wakaitikia, "Amin."

Nisalimie mjomba, na shangazi anayekusomea barua hii. Mdogo wangu wa kike, anayeniiga kwa kila kitu, mwambie mkaa autupe leo hii.

Ni mimi mwanao, na meno yangu yote,
Hamadi