Kibali Changu na Miwa ya Mama Muhonja

Shianda, Kakamega
4 Machi 1996

Shangazi mpendwa,

Kwanza nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mtu barua hii, hata Baba. Ukimaliza, itie motoni. Shikamoo. Mguu umepona? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Unajua mimi ni karani wa mizani hapa kiwandani. Trekta likileta miwa, naandika siku iliyofika, kisha tunaipima. Sasa meneja, Bwana Titus, anaiacha juani siku tatu ikauke, ipungue uzito, mkulima alipwe kidogo, halafu anataka niandike imefika leo. Juzi ilikuwa zamu ya miwa ya Mama Muhonja, mjane niliyepanga kwake. Nikaweka kalamu chini. Meneja akacheka: "Wewe Mtanzania, kibali chako cha kazi kina jina la kiwanda hiki. Nikikufuta kazi leo, kesho huna ruhusa hata ya kusimama hapa. Andika."

Amenipa mpaka Ijumaa. Pasipoti na kibali vimo kabatini mwake. Nilimpa mwenyewe avitunze, nikidhani ni wema. Nifanyeje?

Mwanao,
Rachael

Musoma
16 Machi 1996

Mwanangu Rachael,

Marahaba. Mguu unanibeba. Barua imenikuta Ijumaa yako imeshapita, kwa hiyo sijui kama namshauri karani au mfukuzwa. Mlango niliufunga, waliosikia ni kuku tu.

Kama uliandika, sitakulaumu. Kama hukuandika, usijifiche, maana anayejificha ndiye anayesakwa. Na huyo Titus, mwambie shangazi yako ameuza dagaa miaka ishirini. Wanaolowesha dagaa wawe wazito nawajua kwa majina. Wa kukausha miwa ndiye namsikia leo!

Nijibu upesi. Silali vizuri.

Shangazi yako

Shianda
2 Aprili 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za kuku waliosikia siri yangu?

Sikuandika uongo. Ijumaa ile nilijaza tarehe ya kweli, nikatia sahihi, nakala nikampa Mama Muhonja. Meneja akanifukuza mbele ya foleni ya matrekta. Akina mama wenye miwa wakaketi mlangoni kwake. "Wewe Titus," Mama Muhonja akasema, "mtoto wa watu si ng'ombe umfungie. Toa karatasi zake!" Walikaa hadi saa kumi. Akazitoa.

Jumatatu nilijipeleka uhamiaji kabla barua ya Titus ya kunishtaki haijafika. Ofisa akanieleza: kibali kilikuwa cha kazi ile tu, kazi imekwisha, nacho kimekwisha. Nimepewa mwezi mmoja nipate mwajiri wa kuniombea kingine, la sivyo niondoke. Chama cha wakulima kimeniombea niwe karani wao. Mpaka jibu lije, sigusi daftari lao hata kwa mzaha. Titus anangoja nikosee. Nakula obusuma, ugali wa Mama Muhonja, nangoja.

Wakinikatalia, nitapita mpakani Sirari mchana, pasipoti mkononi. Lakini tarehe niliyoandika haitabadilika, na huyo bwana analijua hilo.

Bado naogopa, Shangazi. Ila sasa fungua mlango. Msomee Baba, wasomee na majirani. Na ukinijibu usipitishie kiwandani, wala usifiche jina. Liandike kwa herufi kubwa juu ya bahasha: RACHAEL, KARANI WA MIZANI, kwa Mama Muhonja, soko la Shianda, Kakamega. Mtu wa posta hatauliza ni nani.

Mwanao,
Rachael