Tumeondoka na Mkokoteni Kumpeleka Mbuke

Baba Mbuke,

Ugali nimeufunika, mlenda uko chunguni. Ndama asinyonye kabla hujakamua.

Mkokoteni tunaondoka nao. Kijana wetu Malimi ndiye anayeswaga ng'ombe mpaka Igawa, atawarudisha jioni.

Lori la wanafunzi limemwacha mtoto mara ya tatu sasa. Mwaka juzi dereva alidai magongo yake yatatoboa magunia. Mwaka jana eti turubai hakuna. Leo asubuhi kasema habebi kilema bila barua, na wewe, mwanaume mzima, ukamjibu, "Haya ndugu, labda mwakani." Mwakani gani tena? Asipofika shuleni Iringa Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Wameandika hivyo, nimesoma mwenyewe. Kisomo cha watu wazima sikwenda kupiga soga.

Kuku uwafungie mapema, kicheche kazoea.

~~Usitufuate.~~ Basi la Iringa linapita Igawa saa nane mchana. Nilipokuwa namvalisha sweta, Mbuke kaniuliza, "Mama, kwani baba naye amechoka kunibeba?" Njoo umjibu wewe.

Mama Mbuke