Flashi Uliyoifunga Wewe

Musonoi, Kolwezi
Tarehe 23 Novemba 2009

Mpendwa yaya Kalonji,

Moyo! Nakusalimu kwa salamu ya kwetu, yaya, kaka yangu mkubwa. Habari za Mwene-Ditu? Mgongo wako bado unakusumbua, au dawa za shangazi Mbombo zimeushinda? Na wifi Kanku amepona homa? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, vumbi la mgodi limetulia, na mume wangu Nkulu hakohoi tena kama zamani.

Kazi ndiyo shida. Tangu bei ya shaba ilipoanguka mwaka jana, wanunuzi wa madini walifunga milango wakaenda zao, na wachimbaji wanashinda kivulini wakicheza dama. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, ingawa madawati mengi ni matupu.

Najua ulikata simu kwa hasira nilipokuambia kwamba Mianda yuko kwangu. Ulisema mdogo wetu alikufa kwa kipindupindu mwaka 1993, wakati mlipofukuzwa hapa pamoja na watu wa kabila letu mkasukumwa kwenye treni naye amelazwa hospitali. Ulisema huyu ni tapeli tu kati ya waliofukuzwa Angola, aliyesikia habari zetu mahali. Sikukulaumu. Mimi mwenyewe nilijificha kijijini kwa akina Nkulu siku zile, nikapokea habari ya kifo kama ulivyoipokea wewe, na nimemlilia miaka kumi na sita. Lakini nakuomba usome barua hii mpaka mwisho.

Mianda anasema mwanamke wa Kilunda, aliyekuwa akimuuguza mtoto wake kitanda cha pili, ndiye aliyemchukua hadi Dilolo akamlea. Baadaye Mianda aliolewa ng'ambo ya mpaka, Angola, na mwezi uliopita askari wakamvusha mpaka bila hata sufuria.

Sasa nije kwenye flashi yako, ile uliyotutumia ikiwa imezungushiwa utepe mweusi, yenye majina ya marehemu wetu ya kusomwa kwenye Misa ya marehemu, tarehe mbili mwezi huu. Kabla ya siku hiyo nilimwomba katekista Louis aondoe jina la Mianda. Alifungua orodha vizuri kwenye kompyuta, akafuta jina, akataka kuhifadhi, mashine ikagoma. Ikaandika kwamba diski imelindwa na haipokei maandishi. Nikamwambia basi atoe nakala, tulirekebishe jina kwenye karatasi. Akakataa. Ulimwagiza asome yaliyomo kwenye flashi tu, tangu binamu yetu alipochomeka humo majina ya wakwe zake, na Louis ni mtu wa neno lake.

Basi akasoma yote. Mianda alikuwa ameketi benchi la pili pembeni yangu. Aliposikia jina lake alisimama, akabaki wima mpaka Louis alipomaliza orodha. Watu waligeuka kutazama. Nilitamani ardhi inimeze, yaya, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu.

Unanijua. Nkulu husema mimi nikikutana na mbuzi nitamuuliza kwa nini ana ndevu. Nilitaka kujua ni kitu gani kinachokubali kusomwa na kukataa kuandikwa. Nikaipeleka flashi kwenye mashine tatu tofauti, kote jibu lile lile. Nikaenda kwa Dodo, fundi wa kompyuta karibu na soko. Alisaka virusi, akakuta viwili, lakini hata kuviua flashi ikakataa. Akaingia kwenye sifa za faili, akajaribu kuondoa alama ya kusomwa tu, ikagoma. Mwishowe akasema dawa iliyobaki ni kuiformati, kama itakubali, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Niliinyakua mkononi mwake. Majina arobaini na matatu, mengine hakuna mwingine ayajuaye ila wewe.

Nilirudi nyumbani nikaiweka mezani, nikaanza kumlalamikia Nkulu. Mianda alikuwa akichambua mboga. Hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Yaya Kalonji alikuwa fundi wa kuriya. Muliangaria kama hakuifunga?"

Nikamuuliza kuifunga namna gani, na ufundi wa umeme unahusianaje na flashi. Akanieleza jinsi ulivyomketisha kando ya sanduku la umeme la nyumba yetu ya zamani, ukamwonyesha kufuli lako jekundu la mgodini na kibao chenye jina lako. Ulimwambia kwamba fundi akiingia ndani ya mashine hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na hata bosi haruhusiwi kulifungua, kwa sababu mwingine akiwasha, aliye ndani anakufa.

Nikautazama ule utepe mweusi ulioizunguka flashi. Sote tulidhani umeziba ufa. Niliufunua kidogo kwa sindano. Chini yake kuna kidude kama punje ya mchele, kimesukumwa upande wenye picha ya kufuli, na kikaratasi chenye maandishi yako: "Kalonji. Usiguse." Nilicheka hadi machozi, kisha machozi yakabaki peke yake. Tapeli gani angejua hilo, yaya? Mimi niliyezaliwa kabla yake sikulijua.

Nilikuwa nimeshaweka ncha ya sindano kwenye kidude. Mianda akanishika mkono.

"Hapana. Mwenye alifunga, yeye njo atafungula."

Kwa hiyo nimebandika utepe kama ulivyokuwa. Alhamisi Mianda atapanda lori hadi Likasi, na hapo atangoja treni ya kuja kwenu. Flashi ameishonea kwenye pindo la kitenge. Akifika, usimwulize maswali ya polisi. Mpe maji ya kuoga na chakula kwanza. Kisha bandua utepe wako, usukume kidude kwa ukucha wako mwenyewe, ulitoe jina lake kwenye orodha naye akiwa anakutazama.

Nisalimie wifi Kanku na watoto wote, na shangazi Mbombo umwambie akae karibu na kiti, asije akaanguka akimwona Mianda. Nkulu anakusalimu sana, na Louis anakuomba radhi kwa kujaribu kufuta jina bila ruhusa yako. Mianda peke yake hakutuma salamu. Amesema atazileta mwenyewe.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na ailinde njia yake.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Blandine