Kadi ya Abigaël na Nyumba ya Kambi

Alhamisi, 12 Juni 2025

Dereva wa basi la Lubumbashi amenipigia simu asubuhi. Kuna kartoni ya Abigaël Tshilombo, aje na kitambulisho. Nikasema mimi ni baba yake. Akauliza kwa nini asije mwenyewe. Nikajibu amesafiri. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Dereva ni mtu mwema, angeelewa.

Leo ni siku ya ishirini na nne tangu binti yangu afe.

Ndani ya kartoni: sanduku jeusi la chuma, kama redio kubwa, na kadi ya grafiki imefungwa peke yake. Aliiagiza Dubai mwezi wa tatu kupitia mama mmoja anayeuza nguo. Aliniambia laptopu yake haina nguvu za kubeba nyumba yetu, basi ataitafutia misuli ya nje. Misuli ya nje! Nilicheka sana siku hiyo.

Nyumba yetu ni ile ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Alizaliwa pale. Josée, mama yake, alifia pale. Sasa ni shimo la mgodi, na malori yanapita juu ya sebule yetu. Abigaël alisomea usanifu wa majengo, akaamua kuijenga upya ndani ya kompyuta, kutokana na picha sita na kumbukumbu zangu. Alinifanya nitembee hapa uani, kwa kukumbuka, nikihesabu hatua: kutoka mlangoni hadi bombani ngapi, kutoka bombani hadi chooni ngapi. Aliniita mhandisi wa miguu. Akaimaliza mwezi wa nne, lakini ilikuwa nzito mno, laptopu ilikwama kila alipoifungua. "Kadi ikifika, Baba, utaingia kwa mlango. Utatembea."

Sijaiona bado. Hata mara moja.

Jumamosi, 14 Juni

Mukendi, kaka yangu, amekuja kupanga tarehe 28. Siku ya arobaini. Familia inatoka Mbuji-Mayi, kilio kinafungwa, vitu vya marehemu vinagawiwa. Laptopu inaenda kwa Elise, binti yake, anayeanza chuo Lubumbashi. Nilikubali mimi mwenyewe siku ya mazishi, mbele ya watu wote. Siku ile ningekubali lolote.

Nikauliza: vilivyomo ndani je? Akasema watasafisha yote, Elise aanze upya.

Nikamwambia nataka kwanza kuunganisha kadi, niione nyumba. Akanitazama.

"Godefroid, ndugu yangu, we unaandika SMS na kidole kimoja!"

Ni kweli. Kimoja, tena cha mkono wa kushoto.

Basi nina wiki mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Chancelle anatengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Alisoma na Abigaël sekondari. Nimempigia, kumbe yuko Lubudi kwa shangazi yake. Akasema: "Tata, usiguse kitu. Ungoje nirudi kesho."

Sikungoja.

Nilitazama video mara nne. Kadi nikaichomeka sandukuni, ikalia "tak", nikaogopa nimeivunja. Nikafunga skrubu. Nikaunganisha nyaya zake za umeme, kisha waya mfupi hadi kwenye laptopu. Kati ya vitufe bado kuna maganda ya karanga zake. Sikuyatoa.

Laptopu hii ina mifumo miwili. Ukiwasha, inakuuliza unataka upi: Linux au Windows. Abigaël alisema ni kama nyumba yenye wapangaji wawili wasiosalimiana. Nimeanza na Linux kwa kuwa neno lake la siri nalijua, ni jina la mama yake. Kadi haikuonekana. Mtu wa video akasema nizime ulinzi wa kuwashia, kwenye ule ukurasa unaokuja kabla ya mifumo yote. Nikauzima. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, kwa Kifaransa: kufuta funguo zote za usalama? Nikaona ni kazi ileile. Nikabonyeza ndiyo.

Nikawasha tena. Feni ya kadi ikazunguka! Linux ikaitambua, na jina lake likaandikwa hapo. Nikapiga makofi peke yangu chumbani kama mjinga.

Lakini faili ya nyumba iko upande wa Windows. Nikaenda huko. Skrini ya bluu. Inataka ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

Nimezima. Nimewasha. Nimeomba. Bluu.

Jumanne, 17 Juni

Chancelle amekuja moja kwa moja kutoka stesheni, na kuku mikononi.

"Tata, ulifinya wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na hapa pia ulifinya? Oh, Tata! Mi nilikuambia ungoje! Hata kuku yangu inajua kungoja."

Amerudisha ulinzi kama ulivyokuwa. Haikusaidia, maana funguo nilizozifuta hazirudi. Akanieleza polepole. Upande wa Windows ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na laptopu yenyewe ilikuwa inashika ufunguo bila kumsumbua mtu. Nimeifanya isahau. Lakini nakala ya ufunguo ipo kwenye akaunti ya Abigaël, mtandaoni.

Tumefungua ukurasa wa akaunti. Unasema utatumiwa namba ya siri kwa SMS, kwenye simu inayoishia na 41. Njia nyingine hakuweka.

"Basi ni mwepesi," Chancelle amesema. "Simu yake iko wapi?"

Nikasema nitaitafuta.

Alhamisi, 19 Juni

Sitafuti kitu. Najua ilipo.

Siku ya mazishi, kabla hawajafunga jeneza, shangazi yake aliniambia nimwekee kitu alichozoea kushika, asiende mikono mitupu. Watu wengine huweka rozari au leso. Abigaël alizoea kushika nini? Aliamka na simu, alikula bukari, ugali wetu, na simu, mkono mmoja kwenye mboga ya sombe na mwingine kwenye simu, mimi nikimgombeza. Niliiweka chini ya kiganja chake cha kulia. Nikaona nimefanya vizuri. Tangu zile siku nne za homa yake, ndicho kitu pekee nilichokifanya ambacho sikukijutia.

Leo nimemwambia Chancelle. Hakucheka. Amesema simu si lazima, Tata, namba ndiyo lazima. Namba inaweza kutolewa upya.

Jumapili iliyopita sikwenda makaburini kwa sababu ya vumbi. Sasa naogopa kwenda. Naogopa nitasimama pale nikiwaza simu badala ya mtoto.

Ijumaa, 20 Juni

Kwenye ofisi ya simu. Foleni tangu saa mbili.

Kijana wa dirishani: "Mwenye namba akuje ye mwenyewe."

"Amekufa."

"Pole, Tata. Basi akuje na karte yake ya elekta."

Watu wa foleni wamemzomea. Mama mmoja nyuma yangu: "We, unasikia na masikio ao na meno?" Kijana ameona haya mpaka nimemhurumia. Kisha ameniandikia kila kitu kwa mkono wake: karte ya elekta ya Abigaël, yaani kadi yake ya mpiga kura, cheti cha kifo, na barua iliyotiwa sahihi na mkubwa wa familia.

Mkubwa wa familia ni Mukendi.

Jumanne, 24 Juni

Nilichelewesha siku tatu. Leo nimekwenda kwake na barua. Ameisoma, akaisoma tena.

"Ulimuzika na simu?"

"Ndiyo, kaka."

"Na chargeur, ulimuwekea?"

Nikasema hapana, chaja iko nyumbani. Akaanza kucheka, tumbo likitikisika, na mimi nikacheka, mke wake akatoka jikoni kuona nani amekuja. Halafu Mukendi akafunika uso kwa barua ileile. Amelia kwa sauti. Sijawahi kumwona analia, hata alipokufa baba yetu.

Ametia sahihi. Barua ina doa la machozi hapo kwenye jina.

Jumamosi inabaki Jumamosi, amesema, watu wameshapanda treni, na laptopu alishamwahidi Elise. Lakini lile sanduku nibaki nalo. "Misuli ubakie nayo we. Utapata mashini ingine ya kuivalisha."

Alhamisi, 26 Juni

Wamenipa kadi ya simu mpya yenye namba ya Abigaël! Kijana yuleyule. Ameitia katika simu yangu ya zamani yeye mwenyewe, akangoja nami mpaka mtandao ukaja.

Kwanza haikuja namba ya siri. Tulikuwa hatujaiomba bado. Ulikuja ujumbe wa kwaya yake, uliotumwa kwa wote pamoja bila kufuta jina lake: Jumapili sauti ya pili wavae bluu.

Kwa Chancelle, dukani. Tumeomba namba, ikaja, tukaiandika, tukaweka neno jipya la siri, na ufunguo ukaonekana: mafungu manane ya tarakimu sita. Chancelle anasoma, mimi nabonyeza kwa kidole changu kimoja. Fungu la tano nimekosea. "Pole pole, Tata, haikimbii." Tumeanza upya.

Windows imefunguka. Picha ya nyuma ya skrini ni miguu yangu. Viatu vya kazi, uani, nikihesabu hatua. Sikujua alinipiga picha.

Upande huu nao kadi ina programu yake ya kushushwa, kubwa. Umeme umekatika ikiwa kwenye asilimia sitini. Kesho.

Ijumaa, 27 Juni

Saa nane mchana. Tuko nyumbani kwangu. Wamama wako uani wanapanga sufuria za kesho. Programu imekaa. Skrini ilizimika kidogo, ikarudi, na Chancelle akasema: hiyo njo kadi, imeshika kazi.

Akafungua faili. Haikukwama.

Mlango ule. Rangi ya samawati, umebabuka chini pale mbwa alipokuwa anakwaruza. Chancelle amenionyesha vitufe vya mishale: huu mbele, huu kushoto. Nimeingia. Sebule, hatua nane. Kabati. Kalenda ya mwaka aliofariki Josée, na mwezi ni ule ule. Chumba chetu, ndoo yake ya njano chini ya dirisha. Ameweka hata ufa wa ukuta niliouziba kwa saruji mara tatu. Nimetembea.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, barazani. Mbabula ya Josée, jiko lake la kupikia, ipo, na makaa yake. Upande wa kulia, karibu na bomba.

Si kulia.

Ilikuwa kushoto! Kushoto, upande wa ua wa Mama Kankolongo, jirani. Moshi ulikuwa unaingia kwake kila asubuhi, na kila asubuhi alipiga kelele: "Mama Abigaël, unatukausha sawa samaki!" Na Josée: "Basi mukuje niwauze!" Miaka kumi na minne ya kelele hizo. Na mwisho Mama Kankolongo ndiye aliyemwosha Josée. Niliwezaje kusahau? Abigaël aliniuliza, na mimi nikamwambia kulia. Nakumbuka hata mkono nilionyosha.

Naye aliniamini. Ukuta wa kulia ameupaka masizi, polepole, kutoka chini mpaka kwenye paa, meusi karibu na moto na hafifu kadiri yanavyopanda. Chancelle anasema kazi kama hiyo ni ya siku mbili, tatu. Amepaka masizi mahali ambapo hapakuwahi kuwashwa moto.

Nimemweleza Chancelle. Ameshika kipanya.

"Tata, ni kitu ya dakika mbili. Tuisogeze kushoto? Na ukuta tuusafishe? Kisha nakopia mu diski, njo utakuwa unaiangalia kule ku duka."

Gari la Mukendi limeingia. Namsikia anasalimia wamama, anawatania juu ya chumvi. Sasa anaita dirishani: "Godefroid! Mashini iko tayari?"

Mshale uko juu ya mbabula. Chancelle ananitazama. Nimemwomba angoje kidogo niandike. Masizi yale, nikiyasogelea, yana alama za vidole vidogo kwa chini, kama vya mtoto aliyejishika ukutani. Hayo sikumwambia mimi. Hayo aliyakumbuka mwenyewe, na ukuta ukisafishwa yatafutika.

Mukendi anaita tena.