Shati la Mistari Mitano

Kigoma, Jumapili asubuhi

Mke wangu Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku mwisho wa reli. Mimi mzima, ila miguu inauma hata kuinuka kwenye kiti ni kazi. Wewe hujambo? Neema na mdogo wake hawajambo? Na mama mkwe, kifua kimepoa?

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Wewe mwenyewe ulisema simu haina harufu, na kwamba hutafunga mizigo kuja huku mpaka uwe na hakika nimeacha pombe. Miaka yote ile ulinipokea mlangoni kwa kunusa shati kwanza, salamu baadaye. Sikulaumu. Ndiyo maana nimempa mwenzangu anayekuja Kilosa likizo barua hii pamoja na kifurushi. Kifurushi usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Jana nimepita baa nne. Kaa chini kwanza, usiite kikao cha ukoo!

Hapa karakana ya boti ninapochomelea vyuma tuna kikundi cha kukimbia. Hakina kadi wala mwenyekiti; ni mafundi, waendesha bodaboda na Zuberi, mshonaji wa mtaa wa Mwanga. Jumamosi mchana wanaanzia stesheni, wanakimbia baa hadi baa mpaka Ujiji. Kila baa unakunywa glasi moja, unaigeuza juu ya kichwa kuonyesha umemaliza, na mhudumu anakuchora mstari wa mawese kwenye shati. Asiye na mistari minne hali mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma kule mwisho. Wiki nyingi nilikataa kwenda kwa woga. Zuberi, ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, akaniambia, "Kaka, hawaulizi kwenye glasi kuna nini. Twende zetu."

Basi nikaagiza soda ya machungwa. Mama Neema, furaha ilinizidi, nikaigeuza glasi kichwani haijaisha! Soda ikatiririka mpaka mgongoni, na tangu hapo nyuki wakanipenda. Kile kilima cha kwenda Mwanga nilikipanda mbio, mimi na kitambi changu, watu wa sokoni wanashangilia, "Kaza, mzee! Kaza!" Watu wa bodaboda niliwapita wote, bila pikipiki hawana lolote. Kwenye mteremko wa Ujiji, ziwa likimeta upande wa kulia, nilikuwa naimba kwa sauti. Sijafurahi hivyo tangu siku ya harusi yetu.

Nikafika wa kwanza. Kumbe sikuijua mila yao: wa kwanza anafunguliwa bia ya baridi, na wenzake wanamzunguka wakipiga makofi mpaka aimalize.

Sitakuficha. Ile chupa niliishika. Mate yalijaa mdomoni na mkono haukutaka kuiachia. Mwenye baa, mama wa makamo, akasema, "Kunywa, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha, "umeitolea jasho." Nikamkumbuka Neema siku ile aliponifungulia mlango, akaniangalia, akarudi ndani bila kunisalimia.

"Mama, naomba maji," nikasema. "Nina mke Kilosa, anasubiri niache."

Makofi yakakatika. Yule mama akaichukua chupa taratibu, akaniletea maji, akanichora mstari wa nne. Kisha akachovya kidole tena, akaongeza mwingine.

"Huo wa nini?" Zuberi akauliza.

"Wa chupa," akajibu.

Nililia, Mama Neema. Nilikula mgebuka huku nalia, na wenzangu wakasingizia moshi wa jiko.

Mfikishie mama mkwe shikamoo yangu. Msalimie shemeji yangu fundi baiskeli, na jirani yetu mwalimu, yule aliyekuwa akinikokota mpaka mlangoni. Mwambie mgongo wake sasa upumzike. Neema mwambie baba yake anashinda watu wa bodaboda.

Sasa fungua kifurushi. Ni lile shati langu la bluu. Sijalifua, na mawese yenyewe hayatoki hata ukisugua. Hesabu mistari. Halafu linuse kama ulivyozoea, kola na mikono, bila haraka. Utakuta jasho, soda na mawese. Ukimaliza, ukiona kweli hakuna kingine, panda treni na watoto. Mimi nitakuwa stesheni, na hata huko, kabla ya salamu, ninuse kwanza.

Mumeo,
Baba Neema