Daktari Ananiuliza Mimi, Mama Mukubwa

Mpendwa Mama Mukubwa,

Jana nilienda kituo cha afya peke yangu. Daktari alisema sijaanguka kifafa kwa muda mrefu, kwa hiyo tunaweza kuanza kupunguza vidonge polepole, au niendelee navyo. Akaweka kalamu chini. "Wewe unaonaje?"

Nikageukia upande ulikozoea kukaa. Akaniambia nirudi Ijumaa na jibu.

Unakumbuka siku ya kwanza alipotuuliza vile? Ulikuwa umetoka kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule Goma ng'ambo ya mpaka, kitenge bado kinanuka samaki. Akauliza kama vidonge vinanisumbua, na sisi tungependa nini. Ukacheka mpaka watu wa nje wakachungulia. "Dokta, mi niko muuza samaki. We ndiyo ulisoma. Amua!" Tulipotoka ukaninong'oneza, "Muganga muzima anauliza mugonjwa dawa! Huyu iko anajifunzia kwetu. Kesho tunavuka barrière, tutafute mwenye anajua."

Na tulivuka kweli. Yule wa Goma hakuuliza kitu. Alituandikia vidonge vilevile, nami nikaendelea kusinzia darasani. Ndipo ukaanza kuninyima kidonge cha asubuhi siku za mtihani, ili nibaki macho. Nikaanguka shuleni, mbele ya wote.

Tuliporudi kwa daktari wetu, nilidhani atatugombeza. Akauliza tena, taratibu, asubuhi zetu zinakwendaje. Ukaangalia ndala zako. "Kidonge kinamulaza, Dokta. Na mi nataka asome." Akasogeza kiti karibu. Basi mkaanza, kama mko sokoni! "Ya asubuhi iko mingi, punguza." "Nikipunguza sana, ataanguka, mama." "Bon, ingine aikunywe usiku." Mkakubaliana dawa kidogo asubuhi, nyingi baada ya chakula cha jioni. Njiani ulitembea kama mtu aliyeuza beseni zima.

Tangu tukuzike, Mama, mdogo wako, ameshuka kutoka Busasamana kuishi nami hapa Mbugangari. Ananipenda, lakini hajawahi kuniona nikianguka, na asubuhi anawahi kuvuka mpaka, nabaki peke yangu. Sijamwambia mtu hili, nakuambia wewe: kuanguka hakuniogopeshi sana. Naogopa kufumbua macho nikute nyuso nyingi, na wewe hupo kuwafukuza, "Tokeni, hii si sinema!" huku umenishika shavu kwa mkono wako wenye magamba. Nina hamu na mkono ule. Ungekuwepo, jana ningejibu palepale.

Maana nataka kuacha vidonge, Mama Mukubwa. Nataka kusoma jioni bila kichwa kuwa kizito. Nataka siku moja niingie ziwani na wenzangu, nisiwe kila mara mlinzi wa nguo zao.

Kwa hiyo Ijumaa nitakwenda na Mama. Nitamwambia daktari nataka kupunguza, lakini tuanze likizo, wakati naweza kuvuka na Mama na kushinda naye, na kwanza amfundishe kunilaza ubavu nikianguka. Kama ana lingine la kuongeza, aseme, tulipime wote. Labda nitaongea nikiangalia meza, unanijua. Lakini nitamaliza.

Lala salama, mama yangu. Sasa naenda kumwambia Mama, yuko uani anaosha miguu.

Mtoto wa mdogo wako, uliyemfanya wako