Binti Amefunga Mzigo na Kunde Zimetoa Maua

Mshauri mpendwa, naomba msaada, nami si mtu wa kuomba. Nina miaka sabini na tisa, nimezika wake wawili na ndugu wanne, nimezeesha mafahali sita kwenye jembe, na yule daktari aliyenipa mwaka mmoja wa kuishi nimeshahudhuria mazishi yake.

Kichaka cha nyuma ya zizi nilikifyeka mwenyewe kwa shoka, nikang'oa visiki, nikachoma moto, nikamwaga mbegu za nyasi ng'ombe wapate malisho, na nyasi hazikuota, yakaota machipukizi ya miti kutoka kwenye mizizi iliyobaki, nikarudia, ikawa yale yale. Binti yangu wa mwisho, ambaye ni mjane, amerudi nyumbani na ng'ombe wake wanne, akasema, "Baba, udongo huu umechoka. Tuufunike kwa kunde, zikitoa maua tuzilime zifukiwe mbichi zioze, turudie, ndipo tupande nyasi." Nikamjibu wewe umesoma kwa bwana shamba, mimi nimesoma kwa jembe.

Hata hivyo tukapanda, zikapendeza. Siku ya kulima akaja na ng'ombe wamefungwa nira, mimi nikaweka kiti katikati ya shamba nikakaa, nikasema hakuna atakayefukia chakula nikiwa hai, mtu aliyeona njaa hafanyi hivyo. Akanitazama, akasema, "Haya, baba," akawafungua ng'ombe. Kunde zikakomaa, nikazing'oa na mizizi yake, mabua nikayachoma shamba liwe safi, tukala mwezi mzima. Nyasi zilipopandwa zikatoka mistari miwili tu, machipukizi yakanipita kimo, na ng'ombe wake mmoja akakonda mpaka akafa.

Sasa amepanda tena bila kuniuliza. Jana niliona maua, na niliona vyombo vyake vimefungwa kwenye shuka. Nikauliza kuna nini. Akasema, "Nikikiona kile kiti shambani, baba, mimi na hawa watatu tunahamia kwa dada." Mshauri, nimechoka, mgongo wangu haushiki tena jembe, na najua alikuwa na haki tangu mwaka jana, lakini nitaanzaje kumwambia mtoto niliyempangusa makamasi? Kama unaniona mwongo, muulize seremala aliyetengeneza kiti, alikuwapo akicheka, na muulize binti yangu, yeye hajawahi kunisemea uongo, hata wa kunisaidia.

Mzee Kisiki

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa mgongo na pole kwa uchovu. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta neno "nisamehe", nimekuta shoka, mafahali na daktari marehemu.

Njaa uliyoiona naiheshimu. Lakini kunde zile zilikuwa chakula cha udongo. Ulikula sahani ya mwenzio, kisha ukachoma hata makombo, halafu ukashangaa mwenzio hana nguvu. Aliyelipia ni ng'ombe wa mjane.

Maua hayatakusubiri ukusanye ujasiri. Yakishafunga maganda, umepoteza msimu mwingine. Kwa hiyo kesho asubuhi beba kiti chako ukipeleke zizini, umwombe binti akae yeye, wewe usimame. Mwambie: "Ulisema kweli, mimi nilikosea." Maneno manne, hayana uzito wa kisiki. Usiongeze habari za mafahali.

Kisha fungeni nira. Yeye ashike jembe, wewe utangulie kuwaongoza ng'ombe, kazi hiyo haidai mgongo. Kunde zioze kama wiki nne, mlime tena mkiokota mizizi ya miti, mpande kunde nyingine na kuzifukia vilevile. Nyasi mzipande mvua zitakazofuata, mbegu zifunikwe kidogo tu. Machipukizi kateni kila yakitokeza, bila huruma.

Utaniambia huna umri wa kungoja. Mtu aliyemzika daktari wake hana utetezi huo.

Umemtaja binti yako kuwa shahidi, na kwa kweli ndiye pekee anayekujua vizuri na bado akakaa. Shahidi huyo amefunga mzigo, mzee wangu. Kapanguse kiti.